Kichocheo Huchagua Njia: Safari ya Makaa ya Mawe Kuwa Mafuta

Mwanafunzi wa kemia akitia chembe chache za manganizi dayoksaidi katika haidrojeni peroksaidi, huona mapovu ya oksijeni yakifoka papo hapo, ilhali kimiminiko hichohicho kikiachwa peke yake chupani huvunjika polepole mno hata asione badiliko lolote. Mapovu yakiisha, akachuja na kukausha, huikuta ile poda nyeusi bado ipo, na uzito wake ni uleule. Hapo ndipo hufundishwa kwamba kichocheo ni kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kikemia bila chenyewe kutumika. Aliyeipa kazi hiyo jina lake la kitaalamu, mwaka 1835, ni Jöns Jacob Berzelius, mwanakemia wa Uswidi.

Fasili hiyo ni sahihi, lakini haitoshelezi. Katika viwanda vikubwa kichocheo hakitakiwi kuharakisha tu, bali hutakiwa pia kuchagua. Aghalabu vitu vilevile viwili huweza kumenyuka kwa njia nyingi na kutoa mazao mengi; kichocheo ndicho kinachoamua ni njia ipi itakayofunguka na ni zipi zitakazobaki zimefungwa. Jambo hilo huonekana wazi sana katika kazi ya kugeuza makaa ya mawe yawe petroli, dizeli na mafuta ya taa. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi uchaguzi huo unavyofanyika, na kisha kuonyesha mpaka wake. Kwani vichocheo husifiwa mara nyingi kwa mambo yasiyo katika uwezo wao.

TOFAUTI YA MAKAA NA PETROLI

Makaa ya mawe na mafuta ya petroli ni ndugu. Asili ya vyote viwili ni viumbe vya kale vilivyofukiwa ardhini, na vyote viwili kwa sehemu kubwa ni kaboni na haidrojeni. Tofauti yao ya kwanza ni ya kipimo. Katika makaa mazuri, kila atomu 10 za kaboni hufuatana na atomu kama 8 tu za haidrojeni. Katika petroli au dizeli, kila atomu 10 za kaboni hufuatana na atomu za haidrojeni zinazokaribia 20. Tofauti ya pili ni ya umbo. Molekuli za petroli ni ndogo, zenye atomu za kaboni 5 hadi 12 hivi. Makaa, kwa upande wake, ni wavu mkubwa wa pete za kaboni zilizounganishwa, na ndani ya wavu huo hunaswa pia oksijeni, naitrojeni na salfa.

Kwa hiyo anayetaka kupata mafuta kutokana na makaa hana budi kufanya mambo mawili: kuuvunja wavu, na kuongeza haidrojeni. Kuvunja si kazi ngumu, kwa maana joto kali hutosha. Ugumu upo katika kuongeza haidrojeni. Molekuli ya haidrojeni ni atomu mbili zilizoshikana kwa nguvu, wala haziachani kwa urahisi. Vipande vya makaa vilivyovunjika visipopewa haidrojeni upesi hurudi kuungana vyenyewe kwa vyenyewe, na mwisho wake ni kaa gumu lisiloyeyuka, wala si mafuta.

Hapa ndipo kichocheo kinapoingia. Juu ya uso wa metali fulani, molekuli ya haidrojeni hunaswa na kutenganishwa, zikabaki atomu mojamoja zilizo tayari kumenyuka. Tunaweza kulifananisha jambo hili na safari ya vijiji viwili vilivyotengwa na mlima. Bila kichocheo, msafiri hulazimika kupanda hadi kileleni. Kichocheo humwonyesha njia inayopita bondeni. Mlima haukupungua, wala vijiji havikuhama. Kilichopungua ni kimo anachopaswa msafiri kupanda. Kimo hicho ndicho kizingiti cha nishati cha mmenyuko. Msomaji aukumbuke mfano huu, kwa kuwa tutauhitaji tena mwishoni.

NJIA YA KWANZA: KUYALISHA MAKAA HAIDROJENI

Mwaka 1913 mwanakemia Mjerumani Friedrich Bergius alipata hataza ya njia ya kuyageuza makaa yenyewe yawe mafuta bila kuyapitisha kwanza katika hali ya gesi. Makaa yaliyosagwa huchanganywa na mafuta mazito yakawa kama uji, kisha uji huo hupashwa moto wa digrii 400 hadi 500 za Selsiasi pamoja na haidrojeni, chini ya kanieneo inayozidi mara 200 ile ya hewa ituzungukayo. Kazi yake ilithibitisha kwamba jambo hilo linawezekana, na mwaka 1931 alituzwa Tuzo ya Nobel ya kemia pamoja na Carl Bosch.

Hata hivyo njia hiyo ilikuwa ya polepole na ya gharama. Wanakemia wa wakati huo walijua vichocheo vingi vya kuongeza haidrojeni, lakini walijua pia kwamba salfa iliyomo katika makaa huviua vingi vya hivyo. Kizuizi hicho kiliondolewa na Matthias Pier na wenzake wa kampuni ya BASF, ambayo mwaka 1925 iliungana na nyingine kuwa IG Farben. Badala ya kutafuta namna ya kuiepuka salfa, wao walitafuta vichocheo ambavyo vyenyewe ni salfaidi, yaani kampaundi za salfa na metali kama vile molibdeni na tungsteni. Kitu kilichokwisha kushiba salfa hakidhuriwi tena na salfa. Mwaka 1927 kiwanda cha Leuna kilianza kutengeneza petroli kutokana na makaa ya kahawia.

Kazi iligawanywa katika hatua mbili, na kila hatua ilipewa kichocheo chake. Katika hatua ya kwanza, ile ya uji, kichocheo huchanganyika na majivu ya makaa na hakiwezi kuokolewa. Kwa hiyo ilifaa kutumia kampaundi za chuma, ambazo ni rahisi kiasi kwamba hapana hasara kubwa zikitupwa. Katika hatua ya pili mafuta yalikuwa mvuke safi usio na majivu, na hapo ndipo iliposihi kutumia salfaidi ya tungsteni iliyo ghali, kwani iliweza kukaa mtamboni na kufanya kazi kwa muda mrefu. Hili ni funzo la kwanza kwa mwanafunzi: kichocheo bora si lazima kiwe kile chenye nguvu kuliko vyote, bali ni kile kinachofaa mahali pake.

NJIA YA PILI: KUBOMOA NYUMBA NA KUIJENGA UPYA

Njia ya pili haiyapendezi makaa hata kidogo: huyabomoa kabisa. Mvuke wa maji na oksijeni hupitishwa katika makaa yenye moto mkali, na wavu wote huvunjika ukawa gesi mbili, kabonimonoksaidi na haidrojeni:

C + H₂O → CO + H₂

Kisha gesi hizo husafishwa na kupitishwa juu ya kichocheo, ili mafuta yajengwe upya kaboni moja baada ya nyingine. Hapa uwezo wa kuchagua huonekana kwa namna ya kustaajabisha, kwani mchanganyiko huohuo wa gesi mbili hutoa zao tofauti kwa kila kichocheo.

Juu ya nikeli hutoka methani, yaani gesi ya kupikia na kuendeshea mitambo: CO + 3H₂ → CH₄ + H₂O. Mmenyuko huo uliandikwa na Wafaransa Paul Sabatier na Jean-Baptiste Senderens mwaka 1902. Juu ya oksaidi za zinki na kromi hutoka methanoli, ambayo ni alkoholi: CO + 2H₂ → CH₃OH. Kiwanda cha kwanza cha aina hiyo kilianza kazi Leuna mwaka 1923. Juu ya chuma au kobalti hutoka minyororo mirefu ya kaboni, na humo mna petroli, mafuta ya taa, dizeli na hata nta. Ugunduzi huo wa mwisho ulifanywa na Franz Fischer na Hans Tropsch katika taasisi ya utafiti wa makaa ya mawe huko Mülheim, Ujerumani, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 1926.

Kwa nini iwe hivyo? Juu ya nikeli, kaboni iliyotenganishwa na oksijeni hupewa haidrojeni nne upesi, ikaondoka. Juu ya mchanganyiko wa zinki na kromi, kifungo kati ya kaboni na oksijeni hakivunjwi kabisa. Kwa hiyo oksijeni hubaki ndani ya zao. Juu ya chuma na kobalti, kifungo huvunjwa, lakini kaboni hukaa usoni muda wa kutosha kushikana na kaboni ya jirani. Tofauti ndogo ya muda huo ndiyo inayotenganisha gesi ya jikoni na mafuta ya lori.

HESABU YA MNYORORO

Mnyororo unaokua juu ya chuma au kobalti, kila mara una hiari mbili: kuongeza kaboni moja zaidi, au kukatika na kuondoka. Tuseme kwamba kichocheo kimoja, katika hali fulani, huupa mnyororo nafasi 9 kati ya 10 za kuendelea. Ili uzidi kaboni 10, ni lazima uchague kuendelea mara 10 mfululizo. Wanafunzi wazidishe 0.9 kwa yenyewe mara 10; watapata 0.35. Maana yake ni kwamba kati ya minyororo 100 iliyoanza, kama 35 itapita kaboni 10. Sasa wachukue kichocheo kinachotoa nafasi 7 tu kati ya 10. Jibu ni 0.03 hivi, yaani minyororo 3 tu kati ya 100.

Hesabu hiyo nyepesi ndiyo msingi wa ufundi wote wa viwanda hivi. Anayetaka dizeli na nta huiinua ile nafasi ya kuendelea. Anayetaka petroli na gesi nyepesi huishusha. Vyombo vyake ni vitatu. Cha kwanza ni metali yenyewe. Cha pili ni viungo: chuma kikitiwa potasiamu kidogo, minyororo hurefuka. Cha tatu ni jotoridi: katika digrii 200 hadi 250 minyororo huwa mirefu, na katika digrii 300 hadi 350 huwa mifupi. Mmenyuko wenyewe hutoa joto jingi, kiasi cha kilojuli 165 kwa kila moli ya kaboni inayoongezwa. Joto hilo lisipoondolewa upesi, jotoridi hupanda, minyororo hukatika mapema, na masizi hujipanga juu ya kichocheo mpaka kinazibika. Kwa sababu hiyo, sehemu kubwa ya mtambo wa Fischer na Tropsch ni mabomba ya kupozea.

SALFA: SUMU HAPA, CHAKULA KULE

Tulisema kwamba katika njia ya kwanza salfaidi ndizo zinazofanya kazi. Vichocheo hivyo huhitaji salfa ili vibaki katika hali yao; gesi ikikosa salfa kabisa, hupoteza nguvu. Katika njia ya pili mambo ni kinyume. Atomu za salfa hujibandika juu ya uso wa chuma au kobalti mahali palepale ambapo kabonimonoksaidi ingenaswa, wala hazibanduki. Kiasi kidogo mno kinatosha kukiharibu kichocheo, kwa sababu kinachofanya kazi ni uso tu, wala si metali yote iliyo ndani.

Basi kiwanda cha njia ya pili hakina budi kuiosha gesi yake kwanza. Njia moja iliyoenea ni kuipitisha katika methanoli baridi sana, ambayo huyeyusha gesi zenye salfa na kuziacha haidrojeni na kabonimonoksaidi zipite. Usafi wa namna hiyo ulileta faida nyingine. Wanakemia walikuwa wakijua tangu zamani kwamba shaba huchochea utengenezaji wa methanoli vizuri kuliko oksaidi za zinki na kromi, lakini shaba haivumilii salfa. Gesi ilipoweza kusafishwa vya kutosha, kampuni ya ICI ya Uingereza ilianza mwaka 1966 kutumia kichocheo chenye shaba, na kanieneo iliyohitajika ikapungua hadi chini ya nusu ya ile ya zamani.

CHUMA AU KOBALTI: UAMUZI WA MATAIFA

Uchaguzi wa kichocheo haukuwa suala la maabara peke yake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Ujerumani, nchi yenye makaa mengi na mafuta kidogo, ilikuwa na viwanda 12 vya njia ya kwanza na 9 vya njia ya pili, na katika vingi vya hivyo walitumikishwa wafungwa na watu waliochukuliwa kwa nguvu. Viwanda vile 9 vilitumia kobalti, ambayo hutoa minyororo iliyonyooka. Minyororo ya namna hiyo ni dizeli nzuri, lakini ni petroli hafifu, kwa kuwa hulipuka kabla ya wakati wake ndani ya injini. Ndiyo sababu petroli ya ndege ilitoka hasa katika viwanda vya njia ya kwanza, na ndiyo sababu ndege za Marekani zilipoanza kuvishambulia viwanda vya mafuta tarehe 12 Mei 1944, Leuna ilikuwa miongoni mwa shabaha za siku hiyo.

Kobalti ni metali adimu na ghali. Leo sehemu kubwa kuliko zote ya kobalti ya ulimwengu huchimbwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika eneo la Kolwezi na Likasi, ambako Kiswahili husemwa migodini na sokoni. Chuma kipo kila mahali. Zaidi ya hayo, chuma kina sifa moja inayofaa sana kwa gesi ya makaa. Gesi hiyo huwa na haidrojeni pungufu, lakini chuma huchochea pia mmenyuko wa pili unaoiongeza:

CO + H₂O → CO₂ + H₂

Kobalti karibu haiufanyi mmenyuko huo.

Afrika Kusini ilichagua chuma. Kampuni ya Sasol iliundwa mwaka 1950, na kiwanda chake cha Sasolburg kikaanza kutoa mafuta mwaka 1955. Baada ya nchi za Kiarabu kuiwekea serikali ya ubaguzi wa rangi vikwazo vya mafuta mwaka 1973, na Iran kuacha kuiuzia mwaka 1979, viwanda viwili vikubwa zaidi vilijengwa Secunda na kuanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nchi za Mstari wa Mbele, Tanzania ikiwamo, zilidai vikwazo vikazwe. Wapigania uhuru wa Umkhonto we Sizwe, kwa upande wao, walivishambulia viwanda vya Sasol mwezi Juni 1980. Wote walielewa kwamba ndani ya mitungi ile, poda ya chuma ilikuwa ikipunguza makali ya vikwazo. Kichocheo huchagua zao. Hakichagui ni nani atakayelitumia.

Katika karne hii China ndiyo iliyoendeleza kazi hiyo kwa upana zaidi. Kiwanda cha njia ya kwanza kilianza kazi Ordos mwishoni mwa mwaka 2008, na kingine cha njia ya pili, chenye uwezo wa tani milioni 4 kwa mwaka, kilizinduliwa Ningxia mwaka 2016. Vyote viwili hutumia vichocheo vya chuma.

AMBACHO KICHOCHEO HAKIWEZI

Sasa turudi kwenye ule mlima wetu. Kichocheo hupunguza kimo cha kupanda, lakini vijiji hubaki pale pale. Kwa lugha ya kemia, kichocheo hakibadilishi jumla ya nishati inayoingia au kutoka katika mmenyuko, wala hakibadilishi idadi ya atomu. Mwalimu anaweza kulionyesha hilo ubaoni kwa mlinganyo mmoja. Tuandike mafuta kwa ufupi kama CH₂, kwa kuwa ndicho kipimo chake cha karibu. Iwapo haidrojeni yote inatoka katika maji, na maji hayo yanavunjwa kwa makaa yenyewe, basi jumla ya hatua zote ni hii:

3C + 2H₂O → 2CH₂ + CO₂

Katika kila atomu tatu za kaboni, moja huondoka kama kabonidioksaidi. Huo ni upeo wa karatasini, kabla ya kuhesabu makaa yanayochomwa ili kupata joto, mvuke, oksijeni na umeme wa kiwanda. Katika viwanda halisi, kwa kawaida zaidi ya nusu ya kaboni yote huishia hewani kabla hata pipa la kwanza halijafika kwa mnunuzi, na mnunuzi naye huichoma iliyobaki. Ndiyo maana Secunda huhesabiwa miongoni mwa mahali panapotoa kabonidioksaidi nyingi zaidi duniani. Wala si kwa sababu kichocheo chake ni kibaya. Hata kikipatikana kichocheo kikamilifu, ule mlinganyo hautabadilika.

Unaweza kubadilika tu ikiwa haidrojeni au kaboni itatoka kwingine. Mwaka 2004 kiwanda cha Sasolburg kiliacha makaa, kikaanza kutumia gesi asilia inayoletwa kwa bomba kutoka Msumbiji. Gesi hiyo huja na haidrojeni yake, kwa hiyo kaboni inayopotea ni kidogo. Watafiti wa nchi mbalimbali wanashughulikia pia haidrojeni inayopatikana kwa kuyapitishia maji umeme wa jua au wa upepo, na kaboni inayotokana na mabaki ya mimea. Katika njia zote hizo, vichocheo ni chuma, kobalti na shaba zilezile tulizokwisha kuzitaja, kwa kuwa kichocheo hakijui gesi imetoka wapi.

Afrika Mashariki nayo ina makaa: Kiwira, Ngaka na Mchuchuma nchini Tanzania, na bonde la Mui huko Kitui nchini Kenya. Inawezekana siku moja kijana anayesoma makala haya akaketi katika kikao kinachojadili kama inafaa kuyageuza makaa hayo kuwa mafuta. Ataelezwa habari za vichocheo vipya na vya ajabu, na pengine maelezo hayo yatakuwa kweli. Lakini asiridhike mpaka awe amejibiwa maswali matatu ambayo hakuna kichocheo kinachoweza kuyajibu: haidrojeni itatoka wapi, maji yatatoka wapi, na kaboni itakayobaki itakwenda wapi. Mwenye kuuelewa mlinganyo ule mmoja wa ubaoni ataweza kuyapima majibu atakayopewa, kwa kalamu na karatasi tu.